Kabla hujalipia kiwanja cha Mabogini

Mwanangu,

Juzi umeniambia dalali wa Mabogini anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mambo ya ardhi siyawezi kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Umekua ukiamini Moshi ni mji wa mlima. Moshi ya mlimani ni ile ya chifu wa Kichaga, Mangi Meli, Old Moshi. Huu wetu uliletwa na reli: mwaka 1911 ilifika kutoka Tanga, mlima haikuupanda, na mji ukaota pale ilipokomea, ukachukua na jina. Huko chini Mabogini sasa, njia ya kiwanda cha sukari cha TPC, ni habari ya mto.

Babu yako aliteremka huko baada ya kihamba, shamba la ukoo la migomba, kugawanywa kwa kaka zake hadi kikaisha. Arusha Chini mvua ni haba, udongo una magadi. Mtu wa migomba aliona ni kutupwa. Lakini mito ya Weruweru na Kikuletwa inapita pale na maji ya mlima. Mdenmaki A.P. Møller alianzisha Tanganyika Planting Company mwaka 1930, na maji ya mito hiyo yakaingizwa kwenye miwa. Babu alikuwa akicheka: kuchimba mifongo, mifereji ya maji, Wachaga tulianza zamani, wao wameongeza upana tu!

Wakata miwa wakajengewa kambi. Penye kambi pakafuata duka, msikiti, kanisa, shule, na watu wa makabila ambayo mlimani hukuyasikia. Makapi ya miwa yanachomwa, yanatoa umeme. Baadaye, miaka ya 1980, mradi wa Wajapani ukatumia maji ya Rau na Njoro kumwagilia mpunga, Mabogini na Chekereni zikanenepa. Ndiyo hiyo barabara yenye viwanja vyako.

Sasa sikiliza. Maji yaliyowaleta watu huko hayajahama. Dalali amekuonyesha kiwanja kiangazi, vumbi tupu. Masika mito yote hiyo inashuka kwa pamoja kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na haiulizi hati. Waulize wakulima wa mpunga, wala si huyo dalali, maji hupita wapi mwezi wa nne. Tazama kuta za nyumba za jirani, alama ya tope imeishia wapi.

Akikuharakisha, mwache na Ijumaa yake. Jumamosi nitashuka mwenyewe, nauli ninayo. Nisubiri pale stendi, usitangulie.

Baba yako