Kabla jamvi halijamwagwa Jumamosi

Tusa wangu,

Ugonile. Watoto hawajambo? Mguu wa mama umeanza kukanyaga vizuri? Nakuandikia mbiombio kwa sababu Neema ameniambia Fundi Anyosisye anamwaga jamvi, lile zege la sakafu, la kile chumba cha nyuma Jumamosi, na ule mchoro ulionitumia haujanitoka machoni tangu jana. Chumba chenyewe kizuri. Mita 1.8 kwa 2.4 zinatosha mashine ya kufulia, viatu na makoti ya mvua ya watu watano. Lakini umeweka tundu moja tu la maji, kona ya ndani, na bomba lake linaungana na la mashine kisha yote yanakwenda septiki. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Zege likishakauka, kuhamisha tundu ni kazi ya tindo na nyundo.

Tope la kwenu Tukuyu unalijua. Ule udongo wa volkano ni mlaini kama unga, unasafiri na maji vizuri kabisa, halafu unatulia pale penye kona ya bomba. Humo unakutana na nyuzi za nguo na povu la sabuni, vinashikana vinakuwa kama ugali uliolala. Sasa mashine inatoa maji kwa pampu, kwa kishindo, haisubiri bomba limeze taratibu. Yakikosa njia yanarudi juu kupitia tundu la sakafuni, na kikapu cha nguo zilizofuliwa kimekaa hapo hapo chini. Kwa hiyo tope liishie nje ya mlango. Mengine yote ya chumba hiki yanafuata baada ya hilo.

Nje ya mlango wa nyuma mwambie fundi aache kibaraza cha angalau mita 1 chenye paa, sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 au zaidi. Pembeni asimike pau la chuma la kukwangulia nyayo, kimo cha sentimita 10 hivi, na ajenge sinki la chini la zege, 60 kwa 60, lenye koki kimo cha sentimita 50. Watoto wanaoshea gambuti hapo, na majembe pia. Maji ya sinki hilo yaingie kwenye chemba ya 40 kwa 40 ambayo sakafu yake iko chini ya bomba la kutokea kwa sentimita 25. Hizo sentimita 25 ndizo kazi yenyewe: tope linazama, maji yanapita juu. Mfuniko uwe mwepesi, mtu mmoja aweze kuuinua, kwa sababu masika chemba hiyo itataka kuchotwa kwa kopo kila wiki mbili tatu. Mafundi wengi wanaweka bomba usawa wa chini kabisa wa chemba, na hapo umejenga kona nyingine tu ya kuziba.

Maji ya mashine yasiende septiki. Yakiingia kwa mkupuo yanavuruga uchafu kabla haujatulia chini, na shimo linajaa upesi. Yapitishe njia yake hadi shimo dogo la mawe, au kwenye migomba siku ambazo hujatumia jiki.

Ndani, tundu la sakafu lisogezwe karibu na mlango wa nje, chini ya mahali makoti yanaponing'inia, maana ndiko kunakodondoka maji. Mwinamo uwe sentimita 1.5 kwa kila mita, usizidi 2, la sivyo benchi litayumba. Sakafu ya chumba ishuke sentimita 3 kuliko ya jikoni ili maji yakimwagika yasiingie nyumbani. Niru laini, ule umaliziaji wa saruji, usikubali, inateleza ikilowa. Weka marumaru za kukwaruza sakafuni, na ukutani zipande hadi mita 1.2. Kabla ya marumaru, amwage ndoo ya maji na aone kama kuna dimbwi linalobaki. Asipotaka kumwaga ndoo mbele yako, ujue mwinamo haupo.

Mashine haipendi mwinamo. Ijengewe jukwaa la zege tupu, 65 kwa 65, kimo cha sentimita 10, lililopigwa pima maji. Ubao au matofali yaliyopangwa tu yatafanya mashine itembee ikikamua. Na ile siku ikifika, fungueni boliti za usafirishaji zilizo mgongoni, zile zinazokaza pipa la ndani safarini, mara nyingi ni nne. Zikisahaulika mashine itaruka kama debe kwenye lori. Mgongoni acha sentimita 10 za mabomba, mbele acha mita 1 ya kuinama. Mlango wa mashine nyingi za kufunguka mbele unafungukia kushoto, kwa hiyo benchi la kikapu likae kulia.

Bomba la kutolea maji liwe inchi 2, la inchi moja na robo linafurika. Lisimame wima, mdomo wake sentimita 70 hadi 80 kutoka pale mashine inaposimama, na chini kabla ya kuingia sakafuni liwe na kona ya U kuzuia harufu. Mpira wa mashine uingie sentimita 15 tu, usizibwe kwa gundi. Ukizibwa au mdomo ukiwa chini mno, maji yanajinyonya yenyewe na mashine inajaza bila kikomo.

Halafu simtanki lako. Mnara ni mita 3, sivyo? Koki ya mashine iko karibu mita 1, kwa hiyo unabaki na mita 2 tu za msukumo, sawa na 0.2 bar. Mashine nyingi za kufunguka mbele zinataka angalau 0.5, nyingine 1. Zikipata pungufu zinachelewa kujaa, zinatoa alama ya hitilafu, na wakati mwingine vali inashindwa hata kufunga. Ama pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ama ile mashine ya matangi mawili unayoijaza mwenyewe kwa mpira. Soma kijitabu chake kabla ya kulipa.

Umeme kwa kifupi: mashine inayochemsha maji inakula wati 2,000 na zaidi. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye njia yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, ethi (waya wa ardhini) ya kweli, na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30. Soketi iwe mita 1.2 juu, pembeni, isiwe nyuma ya mashine. Ekstensheni hapana.

Benchi la kuvulia viatu kimo sentimita 45, kina 35, chini wazi kabisa gambuti zipumue. Ndoano za wakubwa mita 1.6, za watoto mita 1.1, zipishane sentimita 25, koti lililolowa lisiguse la jirani. Rafu ya nguo safi iwe ukuta wa pili, juu ya mashine. Ukungu ni adui mkubwa Tukuyu, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo dirisha la nondo na nyavu lisipungue 60 kwa 90, na upande wa pili uache matundu ya hewa juu karibu na dari. Zile kamba za kuanikia ndani ulizosema... tutazungumza, ila zisipite juu ya benchi.

Narudi kwenye chemba. Hata pesa zikipungua, marumaru zinaweza kusubiri mwakani. Chemba na mabomba hayasubiri.

Sasa niambie: bomba la septiki limeshafukiwa? Ardhi nyuma ya nyumba inashuka kuelekea migomba au kuelekea kwa jirani? Mlango wa nje unafunguka ndani au nje? Mashine umeshanunua au bado unaangalia? Na Fundi Anyosisye anakubali kusogeza siku mbili, au tayari ameshaita vibarua? Nipigie hata usiku.

Wako,
Salome