Risala ya Klabu ya Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maktaba ya Shule, Likoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi wetu wapenzi na wanafunzi wenzetu: shikamooni, na assalamu alaikum.

Ama baada ya salamu, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo, na tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kuikabili foleni ya feri ukavuka kuja kukaa nasi. Mlezi wa klabu alipotuambia kwamba umekubali mwaliko, tulibishana siku tatu tukuambie nini, maana mgeni kutoka serikali ya kaunti hatumpati kila muhula. Mwishowe tuliafikiana tukuambie jambo moja. Vijana wa Mombasa tunasoma, tena tunasoma sana, ila tunasomea kwenye simu, na huko maktaba haijatufikia.

Mezani mbele yako pana daftari la kurasa 200, jalada lake limeungwa kwa selotepu. Tunakuomba ulifungue. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akifuatilia hadithi katika kundi la WhatsApp, kila usiku sehemu moja, na kila sehemu ikikatika kwa neno "itaendelea". Simu ni ya dada yake, naye huazimwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu, basi. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo kila asubuhi wenzake walikuwa wakimzunguka awasimulie. Alipochoka kusimulia akaanza kunakili kwa mkono, usiku baada ya usiku, hadi sehemu ya 61. Daftari likazunguka darasa lake, likahamia la pili, likavuka hadi kwa kidato cha kwanza. Pembeni mwa kurasa utaona miandiko ya watu wengi. Mmoja ameandika "Usimwamini huyo mjomba!" Mwingine ameandika "Hapa nimelia." Ukurasa wa 43 una doa la mafuta ya viazi karai. Na yuko aliyepita na kalamu nyekundu akageuza kila "xaxa" kuwa "sasa", bila kutumwa na mwalimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunasikia kila siku kwamba simu imeua usomaji. Sisi tunaoishi na simu hizo hatukubaliani na neno hilo. Vijana waliopokezana daftari mpaka likachanika hawajaacha kusoma.

Lakini angalia jalada tena. Halina jina la mtunzi. Hadithi ilikuwa imefowadiwa kutoka kundi hadi kundi, na njiani jina likadondoka. Tumeuliza, tumetafuta, hatujampata. Yupo mtu mahali fulani aliyetukesha sote, na hatuwezi hata kumwambia ahsante. Jambo hili limetuuma kuliko tulivyotarajia.

Limetuuma zaidi kwa sababu sisi ni watu wa mji wa mshairi Muyaka bin Haji. Muyaka alifariki karibu mwaka 1840, na kwa miongo kadhaa mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mvita, yaani Mombasa yetu hii, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor. Leo karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS. Muyaka tunamjua kwa jina kwa kuwa alitokea mtu aliyejali kuandika shairi na mwenyewe. Hiyo ni kazi ya maktaba, na kwenye simu zetu hakuna anayeifanya.

Muhula uliopita mlezi wetu alituonyesha ukutani, kwa projekta, picha za miswada ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu ambazo SOAS imeziweka mtandaoni bure. Darasa zima kimya. Wenye alama za juu hawakuweza kusoma hata neno. Aliyesimama akasoma ni kijana ambaye insha zake hurudi zimejaa wino mwekundu, lakini jioni huenda chuoni, yaani madrasa, na herufi zile anazijua tangu utoto. Naye hakusoma kwa wepesi, kwani kwa desturi ya zamani herufi hizo hazikutenganisha "u" na "o", wala "i" na "e". Alifika mahali herufi zilezile zingeweza kuwa "kuku" au "kuko". Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma wote polepole, akaamua. Tulimpigia makofi. Siku hiyo tuliona kwa macho kwamba kusoma ni kupima na kuamua, na kwamba wazee wetu walilifanya hilo kila siku. Tukaona pia kwamba anayeandika "xaxa" kwenye simu haibomoi lugha, maadamu anajua wapi pa kuandika hivyo na wapi si pake. Kujua huko ndiko tunakotaka kufundishwa.

Yako mambo ambayo simu inatushinda, nasi hatutayaficha. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakilinganisha kusoma kwenye karatasi na kusoma kwenye skrini. Matini ya maelezo na maarifa yalieleweka vizuri zaidi kwenye karatasi, hasa msomaji alipobanwa na muda. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Mlezi alipotusomea hayo tulitazamana tukacheka, kwa kuwa ndiyo hali yetu hasa. Hadithi ya sehemu 61 tunaikumbuka neno kwa neno, lakini nakala ya Biolojia iliyotumwa kwenye simu tunaisoma mara tatu na kwenye mtihani haipo. Kwa hiyo anayesema vitabu vya karatasi vimepitwa na wakati, kisha atupe vishikwambi peke yake, atakuwa ametupunguzia.

Na kuna jambo zito zaidi. Mwenzetu mwingine, ambaye mamake hukaanga mahamri alfajiri, alipokea ujumbe wa ufadhili wa masomo. Ulikuwa na nembo ya serikali, Kiswahili safi, na tarehe ya mwisho ilikuwa keshokutwa. Ulitaka nambari ya kitambulisho cha mzazi na shilingi 500 za fomu, zitumwe kwa M-Pesa. Mama akazitoa kwenye fedha za unga. Binti akaenda saiba kuchapisha fomu, akakuta umeme umepotea. Kwa bahati akaingia maktaba ya jirani kuuliza kama wana printa. Mkutubi hakuchapisha kwanza. Alivuta kiti akamwambia, "Mwanangu, hebu tuusome huu pamoja." Akamwonyesha anwani ya tovuti, jinsi ilivyofanana na ya serikali na herufi moja ikazidi. Akamuuliza kwa nini ufadhili wa serikali ulipwe kwenye namba ya mtu binafsi. Akatafuta ile picha ya nembo, ikatokea kwenye tangazo la miaka minne nyuma, la jambo jingine kabisa. Dakika kumi hazikuisha. Zile 500 zikarudi kwenye unga.

Binti yule ni wa tatu darasani. Kila neno la ujumbe ule alilisoma sawasawa. Hakuwa amefundishwa kuuliza limetoka wapi, limeandikwa na nani, na anayeliandika anataka nini. Mtaala umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na tunashukuru. Lakini umilisi huo unahitaji mtu wa kuvuta kiti.

Mkutubi kama yule, Mheshimiwa, tunamtaka awe wetu. Sasa hivi kijana wa miaka kumi na mitano akiingia maktaba ya umma hajui akae wapi. Tulienda moja wapo, kundi la watu tisa. Upande wa watoto viti ni vifupi, magoti yanagonga meza, na vitabu ni vya picha. Upande wa watu wazima meza zote zimekaliwa na wanafunzi wa vyuo, kila mmoja na madokezo yake kutoka nyumbani, na ukinong'ona unatazamwa. Tulisimama katikati kama abiria walioachwa na matatu. Halafu kengele ya kufunga ikalia, kwa maana tukitoka shule saa kumi na kupanga foleni ya feri, tunafika wakati mlango unafungwa. Jumamosi asubuhi wengi wetu tuko chuoni, Jumapili wengine wako kanisani. Ratiba ile haikutufikiria, ingawa tunaamini hakuna aliyekusudia kutuacha. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lina mwongozo wake wa huduma kwa vijana, na umri linaoutaja ni miaka 12 hadi 18. Ndio sisi hasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya nchi hii. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika hapa pwani, na mwaka uliofuata ukafika wa EASSy. Kabla ya nyaya hizo nchi ilitegemea setilaiti. Nyaya zinazohudumia Nairobi na kuendelea hadi Kampala zinaingilia kwenye ufuo wetu, nasi tunanunua bando la shilingi 20, tunalitazama likiisha kabla ya ukurasa kufunguka.

Mwaka huohuo wa 2009, mbali sana na hapa, maktaba ya umma ya Chicago ilifungua YOUmedia, sehemu ya vijana wa umri wetu ndani ya jengo lake kuu, Harold Washington. Humo mna vitabu, kompyuta na vifaa vya kurekodia sauti, na wamo watu wazima wa kuwaelekeza. Hatukutaji Chicago ili tuone wivu. Kenya yenyewe ina mfano wa kujivunia: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kuwapakia ngamia vitabu huko Garissa ikavipeleka kwa wafugaji. Maktaba ilimfuata msomaji alikokuwa anahamia. Sisi msomaji wetu amehamia kwenye simu, naye anavuka kwa feri.

Tunajua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba katika kazi za kaunti, ndiyo maana tunasema nawe waziwazi. Nyuma ya ukumbi huu kuna stoo ya viti vilivyovunjika. Mwalimu Mkuu amekubali itumike, na wazazi wawili, mmoja fundi seremala na mmoja fundi umeme, wamejitolea kuitengeneza. Tunaomba kaunti ituunganishie intaneti humo, ili aliye na simu na asiye na simu wapate sawa. Tunaomba sanduku la vitabu libadilishwe kila muhula, na ndani yake mwe na vya Kiswahili vinavyotuhusu sisi vijana, visiwe vile vya kiada peke yake. Milango iwe wazi kwa vijana wote wa mtaa, hata walioacha shule, Jumamosi alasiri na siku mbili za wiki baada ya masomo. Wasichana wamesisitiza tuliseme hili kwa sauti: saiba nyingi zimejaa michezo ya kamari, na mzazi akimkataza bintiye kwenda huko hatuwezi kumlaumu. Chumba chenye mtu mzima anayeaminika ni jambo ambalo mama atalikubali.

Kuliko vyote, tunaomba mkutubi. Kama fedha hazitoshi, intaneti ingoje, mtu aje kwanza, hata alasiri moja kwa wiki. Tutamwekea kiti, na chai ya tangawizi haitakosekana.

Kwa upande wetu, tumeanza bila kungoja. Kila Ijumaa mwanachama mmoja huleta ujumbe uliosambaa mtaani wiki hiyo, tunaukagua pamoja ubaoni, kisha kila mmoja anarudi nyumbani kumweleza nyanya au mjomba alichogundua, kwa adabu, bila kumwaibisha. Na wanachama wanne wameanza hadithi yao wenyewe. Kila sehemu ina majina yao juu na chini, ili ikifowadiwa ifike nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lile daftari lililo mbele yako tunakuazima. Ndani ya jalada la nyuma tumebandika karatasi ya kuazima, na jina lako tumeliandika kwenye mstari wa 28. Kulingana na kanuni za klabu unalo kwa wiki mbili. Una ruhusa ya kuandika pembeni kama wengine. Tarehe ya kulirudisha ni Ijumaa, saa kumi alasiri, hapahapa, na aliye mstari wa 29 ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye amekwisha kuuliza mara mbili litarudi lini.

Ahsante sana.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Wasomaji.