JKT ifundishe na kuzima moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mwezi uliopita jiko la jirani yangu hapa Masasi lilishika moto, upepo ukaupeleka kwenye paa la makuti. Tulikimbia na ndoo na mchanga, kila mtu anaamuru, hakuna anayesikilizwa. Aliyetuokoa ni kijana aliyemaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Nachingwea, siku hizi anaendesha bodaboda. Alitupanga mstari kutoka kisimani, mwenyewe akapanda kung'oa makuti yaliyokuwa bado hayajashika.

Kijana huyo amekula kiapo, ana pumzi, amezoea amri. Amebakiza kujua pampu, mpira wa maji na mtungi wa hewa. Tangu 1963 JKT inafundisha vijana kilimo na ufundi, basi zimamoto nayo ianzie kambini humo humo, ili Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likitangaza nafasi liwakute watu nusu tayari. Hata wasioajiriwa watarudi mitaani na ujuzi. Namba 114 ya kuita zimamoto tunaijua, lakini gari likitoka mbali makuti hayangoji. Na huku wenye mikorosho wanachoma majani kila jioni.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara