Risala ya sisi tunaosomeshwa na pesa ya kahawa

Ndugu mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Mbinga, mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya chama chetu cha msingi cha ushirika wa kahawa, walimu wetu mliotulea hapa shuleni, wazazi wetu mlioacha shamba asubuhi hii mkaja kutusikiliza, na wadogo zetu wa kidato cha sita mnaotuangalia kwa hamu, shikamooni wakubwa wote na wengine habari za saa hizi. Itifaki imezingatiwa.

Sisi ni vijana tisa tuliochukuliwa na mfuko wa elimu wa chama mwaka jana, ndo wa kwanza kabisa, na leo tumeambiwa tuje tuseme mwaka wa kwanza chuoni ulikuaje. Wawili wapo Chuo Kikuu cha Dar, pale Mlimani, wawili chuo cha kilimo SUA Morogoro, watatu Chuo Kikuu cha Dodoma, mmoja Mbeya pale chuo cha sayansi na teknolojia MUST na mmoja chuo cha Ushirika Moshi. Nimechaguliwa mimi kusoma ila maneno ni ya wote, tumeyaandika kwenye grupu letu la WhatsApp na tulibishana sana kuhusu kipi kisemwe hadharani na kipi tumalizane nacho wenyewe, mwisho tukakubaliana kisemwe chote, maana wapo wengine wanaondoka mwezi wa kumi na tusingependa wapite palepale tulipopita sisi.

Mheshimiwa, kwanza shukrani, na hapa tunaongea kutoka moyoni. Pesa inayotusomesha tunajua inatoka wapi. Mkulima anapeleka kahawa yake ya maganda ghalani, inawekwa kwenye mizani, na kwenye kila kilo kuna shilingi chache zinabaki kwa ajili yetu. Hayo magunia tumeyabeba wenyewe, kahawa tumechuma, tumemenya, tumeanika kwenye vichanja na kukimbizana na mvua kuifunika, kwahiyo tunajua kilo moja ni jasho la watu wangapi. Mwenzetu wa Ushirika Moshi anatuambia kule Kilimanjaro wakulima walikua na chama chao cha ushirika cha KNCU tangu 1933 na pesa ya kahawa ndo ilisomesha watoto wengi wa ule mlima, na chuo anachosoma yeye kilianza 1963 kama chuo cha ushirika mpaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Sasa mlichokianza hapa kwetu Umatengo wapo waliokifanya kabla yenu na kikazaa matunda. Asanteni sana wazazi wetu, asanteni bodi. Mungu awaongezee.

Baada ya hapo tuseme yaliyotukuta.

Ndugu mgeni rasmi, shida kubwa ya mwaka wa kwanza ilikua wiki za mwanzo, zile kabla hata masomo hayajakolea. Mtu anapanda basi hapa Mbinga giza bado halijatoka, anapita Songea, Njombe, Makambako, Iringa, anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku na begi lake na godoro dogo, hajui hata daladala ya kwenda chuo inapakia wapi. Kesho yake anaenda kwenye usajili. Anakuta kuna ada, kuna bima ya afya ya NHIF, kuna hela ya hosteli, kuna michango ya umoja wa wanafunzi, kuna fomu ya hospitali ijazwe na daktari, na kila kitu kina kontroo namba yake ya kulipia. Utaratibu wa mfuko wetu ulikua hivi, pesa inatumwa mwanafunzi akishaleta namba ya usajili kuthibitisha kweli yupo chuoni, na tunaelewa kwanini, pesa ya wakulima lazima ilindwe. Ila chuo kimojawapo hakitoi namba ya usajili mpaka uwe umelipa angalau nusu ya ada. Chama kinasubiri namba, chuo kinasubiri pesa, na kijana yuko katikati hana kitanda.

Kuna mwenzetu wiki hizo alibebwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu anayetokea Songea. Wazazi ambao hamjui, kubebwa ni kulala na mtu kwenye kitanda chake kimoja cha hosteli, vile vitanda vya futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, na asubuhi unatoka mapema asije msimamizi akakukuta. Huyo kaka alikua hamjui kabisa, alisikia tu lafudhi ya nyumbani pale kwenye foleni akauliza we dogo umetokea wapi. Tunamshukuru sana huyo kaka popote alipo.

Sasa kwanini hatukupiga simu nyumbani tukasema? Hili ndo tulilolijadili kuliko yote Mheshimiwa, na naomba nilisome taratibu.

Ukisomeshwa na baba yako ukaishiwa unampigia, anafoka kidogo, anatafuta. Ukisomeshwa na kijiji kizima unaona aibu. Siku tunaondoka hapa watu walikuja kutuaga, bibi zetu walituombea, mwenyekiti aliongea mbele ya watu akasema nyie ndo jicho letu, alafu mwezi haujaisha upige simu kusema sina chakula? Unaona kama utakua unawatukana watu waliokatwa kahawa yao kwa ajili yako. Unajiona huna haki ya kulalamika, kwahiyo unanyamaza. Mmoja wetu, hatutamtaja, alikua anakula mara moja kwa siku, wali maharage saa kumi jioni ili ikae mpaka kesho, na mama yake akipiga anamwambia nimeshiba mama, huku chakula kipo kizuri tu. Tumekuja kulijua juzi tu tulipokua tunaandika hii risala. Na tulipoulizana kwenye grupu tukakuta karibu wote tulikua tunafanya hivohivo, kila mtu kivyake, kila mtu akidhani wenzake wako sawa.

Tunaomba mtuelewe vizuri wazazi. Hatusemi mlitutelekeza. Tunasema kushukuru kulituziba midomo, na tungependa watakaotufuata waambiwe mapema na ninyi wenyewe, kwa vinywa vyenu, kwamba ruhusa ya kusema wanayo.

Na kuna upande wa pili wa hilohilo. Huku nyumbani ilisikika kwamba watoto wa chama wanaingiziwa hela. Sasa baba mdogo anapiga, kijana wangu nasikia mambo yako safi, nirushie elfu ishirini ya mbolea nitakurudishia kahawa ikiuzwa. Shangazi anapiga mtoto anaumwa. Hao ni watu waliokubeba mgongoni, utawajibuje? Unatuma. Na unayotuma ndo ile ya kula. Hatumlaumu baba mdogo wala shangazi, maana hakuna aliyewahi kukaa na watu akawaeleza kwamba ada inaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, sisi hatuishiki, na ya chakula inayokuja mkononi imepigiwa hesabu ya chakula tu. Tunaomba bodi ilisome hilo kwenye mkutano mkuu wa wanachama, waziwazi, kipengele kwa kipengele. Litatuokoa sana, na litawaondolea hata watu wengine dhana kwamba kuna vijana wanafaidi.

Mheshimiwa, suala la kompyuta tutalisema kwa kifupi ila limetutesa. Asaimenti zote zinatakiwa zitaipiwe na nyingi zinapandishwa kwenye mfumo wa chuo, mwisho saa 5:59 usiku, ikipita hapo mfumo unafunga. Mwenzetu wa Dodoma ametaipu asaimenti ya kurasa kumi kwenye simu iliyopasuka kioo upande wa kulia, na hapo palipopasuka ndo ilipo herufi p, haishiki ukigusa. Kwahiyo alikua anaikopi p moja kutoka kwenye meseji ya zamani anaipesti kila anapoihitaji, neno kwa neno, kurasa kumi, na somo lenyewe ni programu za kompyuta. Alipata alama nzuri tu, tunajivunia sana yeye. Lakini mda aliotumia pale wenzake walikua kwenye vimbweta, zile meza za nje, wanapiga msuli, yaani wanasoma.

Kuhusu lugha, walimu wetu tunaomba msikie hili bila kuvunjika moyo maana mmetufundisha vizuri, hesabu tulikua tunaziweza na fizikia hatukuogopa. Kilichotushinda mwanzoni ni kufungua mdomo kwa Kiingereza mbele ya watu mia mbili. Kwenye semina wale waliotoka shule za mjini wananyoosha mikono hata jibu hawana uhakika nalo, sisi jibu tunalo na tumekaa kimya. Alama za kushiriki zinapita hivohivo, na kwenye vyuo vyetu vingi kozi weki, yaani kazi za muhula, ni asilimia 40 na mtihani wa mwisho, tunaouita yuii, 60, kwahiyo ukizembea kwenye zile 40 unaingia yuii ukiwa umeshachoka.

Aliyetutoa kimasomaso ni dada yetu wa SUA. Walikua kwenye somo la kuhifadhi udongo, mwalimu akaweka picha ukutani ya mlima umechimbwa mashimo mashimo mfano wa sega la nyuki, akasema hii inaitwa Matengo pits, inapatikana kusini mwa Tanzania. Ngoro zetu hizi! Dada akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu afike, akasema hiyo ni kwetu. Mwalimu akamwita mbele. Akaeleza jinsi baba anavyofyeka nyasi mvua zikielekea mwisho, anazipanga chini kwa mistari inayokatana, alafu mama anachimba katikati na ule udongo anafukia zile nyasi, panabaki shimo la kukamata maji yasishuke na udongo bondeni, juu ya matuta wanapanda maharage, mahindi yanakuja msimu unaofuata. Anasema Kiingereza chake kilikua kinakatika katika lakini hakuna aliyecheka, darasa zima linaandika, na mwalimu anauliza maswali kwasababu kweli anataka kujua. Kuanzia siku hiyo hakukaa tena kimya. Walimu wetu, mfanye midahalo, mfanye hata kila ijumaa, na mada ziwe za vitu tunavyovijua vya hapa, kahawa, ngoro, ziwa, mtoto aanze kuongea kuhusu kitu ambacho hakuna wa kumshinda.

Ndugu mgeni rasmi, tunafika kwenye jambo gumu. Masharti ya mfuko yanasema ukipata sapu, yaani ukifeli somo ukatakiwa kurudia mtihani, unasimamishwa. Tunaheshimu masharti, hatutaki pesa ya wakulima iende kwa mtu anayecheza. Ila mwaka wa kwanza sapu haimaanishi umecheza siku zote. Mwenzetu mmoja aliugua malaria wiki ya mitihani, akafanya pepa akiwa na homa kwasababu aliogopa kuahirisha, alidhani kuahirisha nako kutahesabika kufeli, na hakua na wa kumuuliza. Amepata sapu moja. Ameirudia mwezi wa tisa na anasubiri matokeo, na hivi tunavyosoma hajui kama mwezi wa kumi anarudi chuoni au anabaki shambani. Tunaiomba bodi, kwa heshima zote, kabla ya kumsimamisha mtu aitwe kwanza asikilizwe, aje na cheti cha hospitali au maelezo ya mshauri wake wa masomo, alafu ndo bodi iamue. Mtu aliyekula na kulala vizuri mwaka mzima akafeli masomo manne, huyo mwamueni mtakavyo. Huyu wa sapu moja na homa, tunamuombea.

Maombi mengine tumeshayagusa ila tuyaweke pamoja ili Mheshimiwa uondoke nayo. Pesa ya wiki nne za kwanza itoke kabla mtoto hajapanda basi, kwa barua ya udahili tu, hata ikiwa kidogo, na iliyobaki isubiri namba ya usajili. Pesa ya muhula wa pili itengwe mapema kipindi cha mauzo na ikae benki, maana mwezi wa tatu na wa nne kahawa bado ipo mtini, hakuna mzazi hapa mwenye hela ya kumtumia mtoto, ninyi wenyewe mnajua hiyo miezi ilivyo. Na kama inawezekana, chama kinunue laptop chache ziwe mali ya chama, mwanafunzi anasaini, anaitumia, akimaliza anamkabidhi anayefuata. Wewe Mheshimiwa tunakuomba kwenye hili la laptop utusemee kwa wadau wanaofika ofisini kwako, mabenki na wanunuzi wa kahawa.

Kwa upande wetu, hatukuja mikono mitupu. Tumeshagawana wadogo zetu wanaomaliza, kila mmoja wetu ana watatu. Matokeo yakitoka tutawasaidia kuomba vyuo, kuelewa masharti ya kila kozi kwenye kitabu cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kukonfamu kwa wakati ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, na mtu akifika Dar au Dodoma au Morogoro atakuta mmoja wetu stendi anamsubiri. Likizo hii tupo hapahapa shuleni jumatatu mpaka alhamisi jioni, darasa la mwisho kule karibu na maabara, hesabu, kemia na Kiingereza cha kuongea. Tumeshaanza na wanakuja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, bodi, wazazi na walimu, hayo ndo tuliyonayo. Nakala ya risala hii tumeichapa, moja yako, moja ya bodi, na moja tutaibandika pale ghalani ili na wale ambao hawajaweza kuja waisome. Tunakukaribisha sana uzungumze nasi.

Tunaomba kuwasilisha.