Watani Wamehama: Barua kwa Mwanangu Rehema

Pullman, mwishoni mwa Septemba 2025

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku wazima, mama yako anakusalimu. Ngano imeshavunwa, vilima vimebaki na rangi ya mchanga, na lori liko gereji, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia.

Ujumbe wako wa baada ya mechi ya mpira wa Kimarekani, chuo chenu na Washington State, chuo chetu cha hapa Pullman, nimeusoma. 59 kwa 24, tena nyumbani kwetu! Cheka, haki yako. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle ndicho kinachokusomesha, rangi yao ya zambarau imekukaa, na mwaka jana nilikucheka mimi tulipowafunga 24 kwa 19 hukohuko Seattle, mkakwama kwenye mstari wa mwisho. Huo ni utani, hauniumi. Kilichoniuma ni ule mstari wa chini: “Baba, ni biashara tu, zoea.”

Tarehe 4 Agosti 2023 nilikuwa kwenye foleni ya malori, nasubiri kushusha ngano ghalani, redio inaongea. Ligi yetu, Pac-12, ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, ilikuwa imebakiwa na vyuo tisa. USC na UCLA walitangaza tangu 2022 kwamba wanakwenda ligi ya Big Ten, na Colorado alikuwa amechagua ligi nyingine, Big 12. Asubuhi ile tulitegemea hao tisa watie saini mkataba wa matangazo na kampuni ya Apple. Siku haijaisha, Oregon na ninyi Washington mmeshaenda Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah nao wameaga. Septemba mosi, Stanford na California wakajiunga na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, wao ambao bahari yao ni Pasifiki. Ni sawa na Coastal Union kuambiwa kwamba ligi yake iko Luanda. Tukabaki sisi na Oregon State, tunatazamana kama watoto waliosahaulika stendi.

Umoja ule ulianza 1915, sisi tukaingia 1917. Sikudanganyi kwamba ulikuwa wa amani. Uligombana, ukavunjika 1959, ukaundwa upya, ukabadilishwa jina mara kadhaa. Lakini kila ulipofumuka, mwishowe majirani wengi walirudiana.

Wewe unajua mimi ni mtoto wa Tanga. Timu yangu ya Coastal ilichukua ubingwa 1988, na mpaka leo tunauzungumza kama wa juzi. Kushabikia timu ndogo sikuanzia hapa. Lakini Tanga, ukifungwa na African Sports pale Mkwakwani, kesho yake aliyekufunga unamkuta sokoni, anakuuliza bei ya nyanya huku anacheka. Huwezi kutaniana na mtu usiyekutana naye. Nilipokuja Pullman sijui hata mpira wao una pembe ngapi, kilichonivuta ni hicho hicho. Wazee wa ghalani walikuwa wakinisimulia Apple Cup, mechi yetu na ninyi ya kila mwaka, ile ya 1992, theluji inadondoka, tukawafunga 42 kwa 23, na mpokeaji akateleza na mpira wake mpaka ndani ya lundo la theluji. Kila mmoja aliisimulia kama vile yeye ndiye aliyeteleza. Mechi hiyo ilikuwa ikichezwa Novemba, na Novemba ilikuwa na maana. Sasa tunaicheza Septemba, jua linawaka, kwa mkataba unaoishia 2028. Baada ya hapo sijui tutaandikiana nini.

Hesabu ya biashara ninaielewa, usinione mshamba. Televisheni ziliahidi Big Ten zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Mkuu wa chuo akiziacha, ataulizwa. Na sisi tulipobanwa tulikwenda mahakamani pale Colfax, tukapata haki ya kusimamia fedha na jina la ligi. Tukafanya nini baada ya hapo? Tukaenda kuwachukua Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State na Utah State kutoka ligi ya Mountain West. Kuna mzee mahali fulani Wyoming, ambaye timu yake imeachwa, na leo anatulaani sisi kama mimi nilivyowalaani ninyi. Sina la kumjibu. Nafurahi tu kwamba kuanzia Julai 2026 nitakuwa na Boise, ambako naweza kwenda kwa gari na kurudi. (Texas State naye yumo, ingawa Texas ni mbali. Hilo tuliache.)

Ila uniambie, mnapocheza na Rutgers, wa ligi yenu mpya, kule New Jersey upande wa pili wa nchi, nani wa Seattle anakwenda? Yule mzee mwenye nyumba wako, mwenye gari la zambarau, uliniambia alikuwa akija Pullman kila baada ya mwaka mmoja kwa miaka mingi, analala hoteli ileile, anazomewa, anarudi kwao ameridhika. Uwanja wetu unaingiza watu karibu 33,000, sawa na wakazi wote wa mji huu. Watu kama yeye ndio waliokuwa wakijaza hoteli zetu. Na wewe mwenyewe uliniambia safari hii hakuja. Alisema Septemba haimletei hamu, na New Jersey ni mbali kwa magoti yake. Mtu huyo hajakatazwa na yeyote kushabikia. Kanyang'anywa safari.

Basi zoea wewe, una miaka ishirini.

Mama yako amekununulia makopo mawili ya jibini la Cougar Gold, nitampa dereva mwenzangu anayekuja Seattle Alhamisi. Moja lako. La pili mpe mzee wako, umwambie limetoka kwa adui yake wa Pullman, na kwamba chumba chako hapa nyumbani kiko wazi Novemba, hata kama hakuna mechi.

Baba yako