Barua kwa Baba Zuhura: IE 600 au IE 900?

Hannover

Sahibu yangu Baba Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumai Mama Zuhura na watoto hawajambo, na wenzetu wa klabu ya taarabu ni wazima. Sisi huku tu salama, alhamdulillahi.

Umeniuliza juu ya zile iyafoni mbili za kuchomeka sikioni za kampuni ya Sennheiser, IE 600 na IE 900, mnazotaka klabu inunue kwa ajili ya kusikilizia zile rekodi zenu. Chukueni IE 600. Nitakueleza sababu kwa kirefu kidogo, maana fedha ni za watu wengi na wewe ndiye utakayesimama mbele yao kuzitetea.

Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. IE 900 ilitoka mwaka 2021 kwa dola 1,299, na IE 600 ikafuata mwaka 2022 kwa dola 699. Kampuni yenyewe ina makao yake Wedemark, kaskazini tu ya mji huu ninaokaa. Ndani ya kila upande mna kispika kimoja chenye upana wa milimita 7, wakati washindani wao wa bei hizo hujaza vispika sita, saba, hata kumi na viwili. Mimi nawaunga mkono kwa uamuzi huo. Kispika kimoja hakihitaji kugawana kazi na mwenziwe, kwa hiyo udi ukiteremka kutoka nyuzi nyembamba hadi zile nene unabaki udi uleule.

Kilichotofautiana ni nyumba yake. IE 900 imechongwa kwa alumini, na kwenye njia ya sauti wamechonga vyumba vitatu vidogo mno. Gamba la IE 600 limetengenezwa kwa printa ya 3D, kwa metali ngumu yenye asili ya zirkoni, nalo lina vyumba viwili. Vyumba hivyo vina kazi kubwa. Sikio likizibwa, hewa iliyobaki ndani ya tundu huvuma yenyewe, mara nyingi karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 7,000 au 8,000, na mvumo huo hufunika sauti laini zilizo jirani. Kila chumba ni kama chupa tupu unayoipuliza mdomoni: kina sauti yake moja, na hiyo ndiyo inayomezwa humo.

Sasa masikio yanasemaje? Yangu ni IE 600, na ndugu mmoja wa hapa aliniazima IE 900 yake nikakaa nayo vya kutosha. Nikazisikiliza kwa rekodi zenu zilezile ulizoniletea. Lakini kabla ya yote nilisawazisha ukubwa wa sauti, na hili nakuomba ulishike sana mtakapokwenda kujaribu dukani. IE 900 imeandikiwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 123 kwa volti moja, IE 600 desibeli 118. Ukizibadilisha bila kugusa kitufe cha sauti, IE 900 italia kwa nguvu zaidi, na sikio la binadamu hudhani kilicho na nguvu ndicho kizuri. Wengi hulipia hizo desibeli tano wakiamini wamelipia ubora.

Zikishasawazishwa, IE 900 bado iko mbele, sikufichi. Besi kubwa ya klabu inasikika na mbao zake, unatambua kidole kinapoukwanyua uzi na uzi unapotulia. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, inapata hewa juu yake, kila mdonoo unamalizika peke yake kabla haujaja mwingine. Fidla nne zikipiga kwa pamoja unaweza kuzitenga.

Ila njoo kwenye sauti ya mwimbaji. Yule bibi wenu akianza kughani, kwenye IE 900 namsikia amerudi hatua moja nyuma ya vyombo, kwa sababu besi (sauti nene) na trebo (sauti nyembamba za juu) zimenyanyuliwa kumpita. Kwenye IE 600 yuko karibu zaidi. Na taarabu bila maneno ya mwimbaji kusimama mbele ni taarabu gani? Hapo ndipo moyo wangu ulipoamua. IE 600 nayo ina kasoro: fidla zikipanda juu kabisa kuna ukali kidogo, na uwanja wa vyombo ni mdogo kuliko wa ndugu yake. Ukali huo kwangu unapungua nikivaa vile vimpira vya kuzibia sikio vya sponji badala ya vya silikoni.

Vimpira hivyo ndivyo vya kushughulikia kabla ya bei. Kisipoziba sikio sawasawa, besi yote inavuja na hata IE 900 italia kama redio ya mkulima. Jaribuni saizi zote tatu, na mtu anaweza kuhitaji saizi tofauti kila sikio. Sponji huko pwani itachakaa upesi kwa jasho na joto, basi agizeni ya akiba.

Jambo jingine kwa anayechanganya sauti. Zote mbili zina besi iliyonyanyuliwa. Akiziamini peke yake ataipunguza besi kwenye rekodi, na watu wakisikiliza kwenye spika za nyumbani wataona muziki umekonda. Zitumieni kukagua mambo madogo, kelele za kiti, pumzi, mikato mibaya, kisha uzani wa mwisho upimwe kwenye spika.

Amplifaya msinunue. Zote ni nyepesi kuendesha, simu yenye adapta safi ya kuchomekea iyafoni inatosha. Waya akiba nunueni ule uliotengenezwa kwa ajili yake, kwani tundu la iyafoni limezama ndani na waya nyingi za MMCX (aina ya kiungio cha waya na iyafoni) za kampuni nyingine hazifiki.

Sasa tuzungumze ile baki mtakayookoa, dola 600 kwa bei zilizotoka nazo. Nimezisikiliza rekodi zenu mara nyingi, na kinachozirudisha nyuma ni zile maikrofoni: akodiani inapasuka na dumbaki inazimeza fidla. Jozi ya maikrofoni nzuri za kondensa inapatikana ndani ya fedha hizo, na kitakachoingia kwenye maikrofoni watakisikia wote, hata mwenye iyafoni ya sokoni. Iyafoni bora itasikilizwa na wawili watatu tu chumbani kwenu.

Wakikubali, niambie mnataka waya wa pini ya milimita 3.5 au 4.4 kwa matumizi ya kila siku; zote huja ndani ya boksi, lakini adapta nitakayoifungasha lazima iendane nayo. Shemeji anasafiri kuja huko kabla ya Ramadhani, nitampa mkononi.

Nisalimie wazee wote wa klabu.

Nduguyo,
Hamisi