Barua kwa mwanangu: usiliharakishe hilo chonge

Mwanangu,

Shangazi yako amenifikishia salamu zako, pamoja na habari ambayo naona hukutaka niijue: unataka kulipa shilingi 450,000 umulikwe leza kinywani ili waya wa meno uwahi kuliingiza chonge kwenye mstari kabla ya sendoff. Picha ya mashine uliyomtumia nimeiona. Mimi niliyekaa wodini miaka 31 hukuona haja ya kuniuliza. Sawa.

Leza hiyo haikati wala haichomi, hilo nalijua. Ni mwanga hafifu, mwekundu au ule usioonekana kwa macho, unaoingia ndani ya seli na kuziongezea nguvu ya kufanya kazi. Jino halivutwi kama mbuzi kwa kamba. Waya ukilibana, mfupa wa mbele yake unaliwa na wa nyuma unajengwa upya, ndiyo maana mwezi mzima linakwenda kama milimita 1 tu. Mwanga unatarajiwa kuwachangamsha hao walaji na wajenzi, yaani seli za mfupa. Mwaka 2004 Wabrazili waliandika kwamba waliwamulika watu 11 upande mmoja wa taya, wa pili wakauacha, na chonge za upande uliomulikwa zikatangulia. Nilifurahi kwa ajili yako. Kisha nikasoma za baadaye: wengine wameona tofauti, wengine hawakuona kitu, na kila mmoja ana mashine yake na kipimo chake. Na wale Wabrazili walimulika siku 4 kila mwezi. Wewe kazini utaomba ruhusa mara ngapi?

Usilipe kwanza. Muulize daktari mwanga ni wa nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi lake, na kila jino linapewa kiasi gani, maana ukizidi nao hausaidii. Akikujibu kwa tabasamu tu, chukua mkoba wako utoke. Na miwani, mama. Mwanga usioonekana haukufanyi ufumbe macho, unaingia tu. Uvae wewe na avae anayemulika.

Mbona haraka yote hii? Huyo kijana alipokuja kujitambulisha aliliona jino hilo hilo, na mahari ameleta.

Hilo chonge si kama meno yako mengine. Ulipokuwa mchanga bibi yako alisema una meno ya nailoni, yale yanayodaiwa kuwaharisha watoto, kuhara hakukukatika, ndipo akaitwa yule mzee na spoku yake ya baiskeli. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Nimekuwa nikisema hivyo miaka yote, na zamu ilikuwepo kweli, ila asubuhi ile nilirudi nyumbani mapema kuliko ninavyosemaga. Kijino kikichokolewa namna ile, hata jino la ukubwani lililojificha ndani ya fizi huweza kujeruhiwa. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuliharakisha, piga eksirei, ionekane mzizi wake ukoje. Mzizi ukiwa mfupi au umepinda, waambie waende taratibu, hata kama sendoff itakukuta na waya mdomoni. Na waya zikitoka, utavaa ritena, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, kama utakavyoambiwa, usiifanye kama ile miwani yako ya kusomea.

Kwetu hakuna aliyewahi kujinyooshea meno kwa mshahara wake; sisi tunang'oa tu. Nimewaambia majirani, kwa hiyo usishangae wakikutazama mdomoni ukija.

Alizeti tumevuna magunia 14, bei bado ya kuchekesha, nimeyaweka chumbani kwako. Ukija utalala na mdogo wako. Yeye amevunja bomba la tanki na anasema alilikuta hivyo. Bati la jikoni nimeahirisha hadi nijue sendoff itameza kiasi gani. Vitenge vya sare vimefika, vimepungua doti 2, na aliyeagiza ni shangazi yako, mwambie wewe, mimi akinisikia atasema namwonea.

Hiyo eksirei nitumie mimi, si yeye.

Mama yako
Singida